Bwana Harusi wa Vyuma Chakavu

Wifi alianza na kofi, maneno yakafuata baadaye.

“Takataka wewe!” akafoka. “Utaingiaje kwetu na mikono inayonuka kutu? Kaka yangu mfanyabiashara mzima, anauza rangi, anaheshimika, halafu aoe mwokota makopo?”

Bi harusi mtarajiwa alishika shavu. Mkono wake wa pili ulikuwa bado na koleo, na nisiwafiche, kwa nukta moja aliwaza kulitumia. Mtaa mzima unamwita Chakavu, na jina hilo halijawahi kumuuma. Kazi yake ni kuokota vitu vilivyotupwa na kuviunga viwe sanamu: vijiko, saa zilizokufa, zipu, ndala za mguu mmoja, matumbo ya redio. Mbuzi wake wa minyororo ya baiskeli yuko kwenye mapokezi ya hoteli kubwa, na waliomcheka zamani leo wanapanga foleni kupiga naye picha.

“Nipige tena uone,” akasema.

“Nitakupiga mpaka uvunje uchumba kwa mdomo wako mwenyewe! Ondoka kwenye maisha ya kaka yangu! Unanisikia? Ondoka!”

Geti likafunguka. Bwana Rangi aliingia uani akiwa na shati jeupe lisilo na doa wala kunyanzi, mtu anayeshinda na makopo ya rangi kutwa! Ndivyo alivyo. Ananukia, anasalimia wakubwa kwa wadogo, na akicheka hata mama mkwe anajikuta anacheka.

“Kuna nini hapa?”

Hakungoja jibu. Alimshika dada yake mkono, akaupindisha mgongoni, akaupandisha juu polepole mpaka bega likalia.

“Mwombe msamaha.”

“Nisamehe wifi, nimekosa, sitarudia,” dada akasema mbiombio, kama anayesoma kitu anachokijua kwa moyo.

“Piga magoti.”

Akapiga magoti palepale, juu ya vipande vya chuma vilivyozagaa sakafuni.

“Basi, mpenzi, mwachie,” Chakavu akasema. “Imetosha.”

“Hakuna atakayekugusa nikiwa hai,” Bwana Rangi akamjibu kwa sauti laini kabisa. “Hata awe wa tumbo moja na mimi.”

Na Chakavu wetu, jamani, moyo ukamyeyuka. Miaka yote hiyo amejitetea peke yake, leo kapata wa kumtetea. Angemtazama wifi usoni pale chini angeona jambo, lakini alikuwa anamtazama mwanamume. Mapenzi yana tabia hiyo na mimi yananiudhi.

Bwana Rangi akaligeukia sanamu la bi harusi lililosimama kando ya ukuta. Chakavu alikuwa ameliunga kwa vitu vyake mwenyewe: sahani ya bati aliyolia chakula utotoni, gurudumu la cherehani ya mama yake, viatu vya shule vilivyotoboka, na vijiko vilivyopangwa vikawa shela. Siku ya harusi lingesimama mlangoni mwa ukumbi pamoja na mwenzake.

“Huyu kakamilika. Mimi niko wapi?”

“Wewe umenishinda. Nimekuomba vitu vyako vya zamani mpaka nimechoka. Hata kiwembe hujaniletea.”

“Mimi sina vya zamani. Kwangu kila kitu kipya, si unakuja unaona?”

Ni kweli. Nyumbani kwake sufuria mpya, pasi mpya, hata vitasa vya milango vipya. Alikwishamwambia kwamba mke wake wa kwanza alipomkimbia na dereva wa lori alibeba kila kitu mpaka chumvi, na watu wakamwonea huruma sana.

“Niunge basi kwa vitu vya majirani.”

“Nikikuunga kwa vitu vya jirani atatokea jirani,” Chakavu akacheka. “Sanamu la mtu linataka vitu vya mtu mwenyewe. Bila hivyo ni urembo tu.”

Wifi, aliyekuwa bado magotini, akainua uso akasikiliza.

*

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na gunia getini.

Sasa hapa ndipo Chakavu alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwingine asingeweza kulifanya. Kazini kwake ana sharti moja. Hatumii kitu chochote kabla hajamuuliza aliyekitupa: “Kilikukosea nini?” Watu hucheka, halafu hujibu. “Saa hii iliniamsha siku niliyofukuzwa kazi.” “Redio hii alikuwa anaipenda marehemu.” Akishasikia ndipo anajua pa kukichomelea. Gunia hili halikuja na mtu wa kuulizwa.

“Umemuuliza nani?” mama yake akapaza sauti kutoka dirishani, alikokuwa anakunja pindo la gauni la harusi.

“Hakuna wa kumuuliza, mama.”

“Si una sharti lako wewe?”

“Harusi Jumamosi. Sharti litanisamehe.”

“Hata mimi nasema hivyohivyo. Kwa umri wako huu, mwanangu, hata hilo gunia ningelikubali liwe mkwe.”

Wakacheka wote wawili.

Gunia lilikuwa na sufuria kubwa, pasi ya umeme iliyokatwa waya, upawa wa chuma uliopinda, mkanda wa kiume wenye kichwa kizito cha shaba, na kufuli lisilo na ufunguo. Chakavu aliigeuzageuza sufuria. Sufuria ikianguka hubonyea ukingo, hiyo anaijua kama anavyojua jina lake. Hii ilibonyea kitako, bonde la mviringo, pana na laini. Akadhani mwenyewe alikuwa anaitumia kupigilia kitu. Akadhani, hakuuliza.

Halafu akavaa miwani ya kazi akaanza. Aliipasua sufuria kwa msumeno wa umeme ikawa kifua, bonde likaangalia mbele. Pasi akaisimamisha ikawa uso, ncha yake juu kama paji. Upawa ukawa mkono wa kulia. Mkanda ukazunguka kiuno. Kufuli akalichomelea ndani ya kifua, mahali pa moyo, akaona kafanya la maana sana. Cheche ziliruka zikamuunguza shingo na hakujali. Alipovua miwani, lile sanamu lilikuwa linamtazama.

“Mama, njoo umwone mkwe wako!”

Mama akaja, akalizunguka mara moja.

“Mbona kama anataka kunipiga?” akasema, akarudi kwenye gauni lake.

*

Bwana Rangi alikuja mchana, mama alipokuwa amekwenda kumalizia kugawa kadi za waalikwa. Alibeba viatu vya harusi mkononi, vipya, ndani ya boksi.

“Funga macho,” Chakavu akasema, akamvuta kwa mikono yote miwili. “Haya, fungua!”

Akafungua. Tabasamu lilikaa kidogo usoni, halafu likashuka lote. Boksi la viatu likaanguka.

“Nani kakupa?”

“Si umependa?”

“Nimekuuliza nani kakupa hivi vitu.”

“Nimeviokota getini. Kuna nini, mpenzi?”

“Mwongo.”

“Mimi?”

“Umekutana naye. Amekuja hapa. Amekuonyesha nini? Mguu? Amekuonyesha mguu?”

“Nani? Mguu wa nani?”

Ngumi ya kwanza ilimkuta kwenye mbavu, akakosa pumzi ya kupiga kelele. Bwana Rangi akalirukia sanamu, akalisukuma, likagoma. Vitu alivyounga Chakavu havitoki hovyo. Akashika upawa akauvuta kwa mikono miwili, akaunyonga mpaka ukakatikia pale penye kovu la kuchomelea, akageuka nao.

“Nilisema vitupwe! Nilisema vitupwe vyote!”

“Unaniumiza! Mimi ni mimi! Niangalie!”

Akamwangalia. Hilo ndilo lililomuumiza Chakavu kuliko upawa wenyewe, kwamba alimwangalia vizuri kabisa, akamjua, ndipo akampiga. Mara moja begani, mara moja juu ya jicho. Damu ikamwagikia blauzi. Akaanguka chali mbele ya lile sanamu, na akiwa pale chini akaliona bonde la sufuria kwa jicho lililobaki wazi. Mviringo. Pana. Laini.

Lilikuwa umbo la kichwa cha mtu.

Upawa ukadondoka sakafuni. Bwana Rangi akachutama, akaanza kumpangusa damu kwa shati lake jeupe.

“Ona ulivyonifanya,” akasema huku analia. “Ona ulivyonifanya, mpenzi. Kwa nini lakini? Kavunje hilo dude. Nikirudi nisilikute.”

Akaokota viatu, akavipanga ndani ya boksi, akaondoka.

*

Mama ni nesi mstaafu. Aliporudi hakupiga ukunga. Alinawa mikono, akachemsha sindano, akamlaza bintiye kitandani.

“Twende hospitali, mama.”

“Hospitali watauliza.”

“Si tuwaambie?”

“Tuwaambie halafu? Kadi zimeshagawiwa, ukumbi umeshalipiwa. Tulia nikushone. Nitashona vizuri, shela litafunika.”

Sindano ikaingia. Chakavu akang'ata mto.

“Marehemu baba yako alinipiga mara ngapi?” mama akasema, macho kwenye uzi. “Na si tuliishi? Wodini nimeshona wanawake mpaka vidole vikafa ganzi. Wote walirudi kwao. Wanaume hasira huwapanda, halafu hutulia.”

“Baba alikuwa anakupiga?”

Mama alikata uzi kwa meno, akatoka.

Simu ikaanza kuita. Chakavu hakupokea. Ujumbe ukafuata ujumbe.

“Mpenzi nisamehe. Shetani alinipitia.”

“Sijala toka mchana. Nisipokuoa nitakufa.”

“Nakupenda kuliko pumzi yangu. Niambie tu umeshalitupa lile dude.”

Nitasema ukweli hata kama utawakera. Chakavu alisoma zote, akalia, na alikuwa anampenda. Alimpenda jicho likiwa limevimba vilevile. Alianza hata kumtungia sababu: kachoka, maandalizi yamemwelemea, mimi nilimshtua. Kidole chake kilikuwa tayari kinaandika “nimekusamehe” pale mlango ulipogongwa.

Alikuwa Wifi, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Bega lile halikuwa limepona.

“Umekuja kumalizia kofi?” Chakavu akauliza.

Wifi akalitazama lile jicho, akakaa chini sakafuni bila kukaribishwa.

“Gunia ni langu,” akasema. “Mimi ndiye niliyelileta.”

“Wewe?”

“Kaka alinituma nikavitupe, siku wifi yangu wa kwanza alipotoka. Sikutupa. Nilificha darini, juu ya chumba changu. Sijui kwa nini, wifi, niliogopa tu kwamba nikivitupa itakuwa kama haikutokea. Jana ukasema sanamu la mtu linataka vitu vya mtu mwenyewe. Nikasema haya, ngoja nimpe.”

“Si ungeniambia kwa mdomo!”

“Ungeniamini? Mimi ninayekutukana kila siku? Nilikutukana ili uchukie ukoo mzima uondoke. Nimekupiga kofi, hukuondoka. Wewe ni kichwa ngumu sana, wifi!”

“Na ukakaa kimya siku zote hizo.”

“Naishi nyumba moja naye,” Wifi akasema. “Unafikiri mimi sipigwi?”

Wakatazamana. Kisha Chakavu akateremka kitandani, akakaa naye sakafuni. Hapo ndipo uadui wao ulipoishia, na hakuna aliyetia neno lingine juu yake.

“Yuko wapi huyo mke wa kwanza?”

“Ni mshonaji. Yuko kwao. Nina namba yake.”

Chakavu akapiga. Simu ikakatwa, ujumbe ukaingia.

“Usinipigie, sisikii vizuri. Andika.”

“Mimi ndiye ninayetaka kuolewa na mtalaka wako.”

“Pole.”

“Nina sufuria, pasi, upawa, mkanda na kufuli. Mimi ni mtengeneza sanamu, nimeviunga bila kumuuliza mwenyewe. Nakuuliza sasa. Vilikukosea nini?”

Wifi akawa anang'ata ukucha. Halafu majibu yakaja mfululizo.

“Sufuria ni sikio langu la kushoto. Nilichelewa kufungua mlango.”

“Pasi ni paja. Shati lake lilibaki na kunyanzi.”

“Upawa ulikuwa wa kila siku, siwezi kukupa sababu moja.”

“Mkanda, mimba yangu.”

“Kufuli lilikuwa la chumbani. Kwa nje.”

Chakavu alisoma yote mara ya pili. Kisha akaandika:

“Aliniambia ulikimbia na dereva wa lori.”

“Dereva wa lori aliniokota barabarani akanifikisha hospitali. Hata jina lake silijui mpaka leo.”

“Nimvunje huyu wa chuma?”

“Usimvunje. Nataka nije nimtazame mbele za watu.”

Usiku huo Chakavu aliusogeza upawa kwenye moto wa kulehemu, akaurudisha mahali pake. Kisha akamwandikia Bwana Rangi maneno mawili: “Dude nimelitupa.”

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mlangoni yalisimama masanamu mawili yaliyofunikwa mashuka, na watu wakasema hayo ndiyo mambo ya Chakavu, lazima aje na vituko vyake. Bwana Rangi aliingia na suti yenye mng'ao, akakumbatia wazee, akapungia watoto mkono. Alipomfikia bi harusi akainama sikioni.

“Umependeza. Chini ya shuka la pili kuna nini?”

“Bwana harusi.”

“Ulisema umelitupa.”

“Nililitupa,” Chakavu akasema. “Halafu nikaliokota. Si ndiyo kazi yangu?”

Vidole vya Bwana Rangi vikambana mkono, ndani ya glovu nyeupe, palepale watu wakipiga makofi. Vikabana zaidi.

“Usilifunue. Nakuambia kwa upendo. Usithubutu.”

“Niachie mkono.”

“Tabasamu. Watu wanatuangalia.”

Mfungisha ndoa alikuwa anafungua begi lake pale Chakavu alipochukua kipaza sauti. Kwanza alivua shela. Nyuzi nyeusi za mama yake zilionekana juu ya jicho mpaka viti vya nyuma.

“Ndugu zangu, mnajua mimi sitengenezi kitu bila kumuuliza mwenye vitu. Safari hii nilikosea, nilitengeneza kwanza. Leo mwenye vitu amekuja kusema mwenyewe.”

Wifi akavuta shuka. Bwana harusi wa chuma akasimama wazi, uso wa pasi, kifua cha sufuria. Kutoka safu ya mwisho akainuka mwanamke mwembamba, akatembea kwa kuchechemea hadi mbele. Alikataa kipaza sauti. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu ambao masikio yao hayawapi habari zao wenyewe.

“Mimi ni mke wake wa kwanza. Sikukimbia na mtu.”

“Mtoeni huyo kichaa!” Bwana Rangi akacheka, akageukia wageni. “Jamani, mnamwona? Wivu!”

Mshonaji aliweka kiganja kwenye bonde la sufuria.

“Hapa ni kichwa changu.”

Akashika mkanda.

“Hapa nilikuwa na mimba ya miezi sita.”

“Anadanganya! Alianguka bafuni, hata hospitali wanajua!”

Akapandisha kiganja hadi kwenye uso wa pasi.

“Na hapa ni paja langu. Aliiwasha, akangoja mpaka taa ya pasi ikazima yenyewe. Akaniambia nihesabu.”

“Mwongo mkubwa wewe!” Bwana Rangi akanguruma, mishipa imemtoka shingoni. “Haikuwa ya moto kiasi hicho!”

Bwana Rangi akajisikia alichosema.

Macho yalimzunguka ukumbini, kwa mjomba wake, kwa wateja wake wa rangi, kwa mfungisha ndoa aliyekuwa ameshika kalamu hewani. Kisha hasira ikamchukua mzimamzima. Alinyakua kiti cha chuma, akakiinua juu ya kichwa cha mshonaji, na mshonaji hakukiona wala kukisikia, kwa kuwa alikuwa amemgeuzia upande wa kushoto, wenye sikio bovu.

“Baba, usi—!”

Alikuwa mama. Hakuna ajuaye mwanamke wa umri ule alipita wapi kwa kasi ile. Aliingia katikati, mkono juu, kiti kikatua. Mfupa wa mkono ukalia mpaka nje. Akayumba, hakuanguka.

“Piga tena,” akamwambia mkwe wake. “Mimi nimeyazoea. Nipige mimi. Wanangu hawa hapana.”

Bwana Rangi akapandisha kiti tena, kweli alipandisha. Chakavu akamrukia mgongoni na gauni lake lote, akamkaba shingo, akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Wifi akamkumbatia miguu kwa mkono wake mmoja mzima. Wakaanguka wote juu ya bwana harusi wa chuma, ncha ya pasi ikampasua Bwana Rangi paji la uso, na hapo ndipo wanaume wa ukumbini walipokumbuka kuwa wana mikono. Walimgandamiza sakafuni hadi polisi wakaja. Njia nzima kuelekea garini alikuwa anapiga kelele kwamba amefanyiwa njama siku ya harusi yake.

*

Hospitalini walimfunga mama plasta. Safari hii muuguzi aliuliza nini kimetokea, na mama akajibu.

“Amenipiga mkwe wangu. Na kabla yake alinipiga mume wangu, miaka mingi. Andika vyote, mwanangu, una nafasi ya kutosha?”

Chakavu alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, gauni limechanika hadi kiunoni, pale simu ilipoita kutoka namba asiyoijua.

“Mpenzi, ni mimi. Nimeazima simu ya askari. Nimeshonwa kichwa, naumwa sana.”

Akafumba macho. Sauti ni ileile, laini.

“Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Nimekosa. Nitaenda kwa washauri, nitaomba, nitafanya unachotaka. Wewe waambie tu kwamba ilikuwa fujo, kila mtu alisukumana, mama akateleza. Ukisema hivyo nitatoka leo. Bado tunaweza kuoana, tukahamia mbali, hakuna atakayetujua.”

“Mama amevunjika mkono.”

“Alijiingiza mwenyewe! Samahani. Samahani, mpenzi, sikutaka kupaza sauti. Niulize kitu kimoja tu?”

“Uliza.”

“Unanipenda?”

Alitaka kusema hapana. Alilitafuta hilo neno kwa bidii na halikuwepo.

“Nakupenda,” akasema, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

“Basi njoo. Njoo uwaambie.”

“Nakuja.”

Akakata simu, akampitia Wifi nje, wakapanda gari moja hadi kituoni. Askari wa kike alivuta karatasi akamkalisha. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anaita jina la Chakavu, jina lake la kweli, ambalo ni wachache wanaolijua.

“Aliyekushambulia ni nani kwako?” askari akauliza.

“Ni mwanamume ninayempenda.”

Askari akainua kichwa.

“Niandike hivyo?”

“Andika hivyohivyo,” Chakavu akasema. “Halafu andika kwamba alinipiga kwa upawa.”

Yule wa nyuma ya ukuta aliendelea kuita, na Chakavu akasogeza kiti karibu na meza ili asikike vizuri, akaanza kueleza.